Shemeji wa Tunduma anataka nimtumie dola 18,000. Nitume?

Hamjambo wakubwa wa safu hii,

Mimi ni mama wa miaka 46, niko na depo ndogo ya mchele na bunga karibu na soko la Kenya, hapa Lubumbashi. Huu ni mwaka wa tisa. Mchele nanunua kwa wenye depo kubwa, nauzisha kwa mfuko na kwa kilo. Faida ni ndogo, maana ule mchele umeshapita mikono mitatu kabla ya kunifikia mimi.

Mdogo wangu ameolewa Tunduma, upande wa Tanzania. Bwana yake ni Mtanzania, mtu wa heshima, hatujawahi kugombana. Alipokuja kututembelea alinipa mpango: nimtumie dola 18,000. Elfu tatu ni za kukodi duka na stoo pale Tunduma, kila kitu kwa jina lake kwa sababu mimi ni mgeni. Elfu kumi na tano ni za kununua mpunga mashambani kule Mbarali, mkoa wa Mbeya, wakati wa mavuno, gunia kwa gunia, tena kwa lumbesa ili tupate zaidi. Ataukoboa, mwingine atauuzisha pale dukani na mwingine atanipakilia uje Lubumbashi. Faida tugawane nusu kwa nusu.

Wakala wa duane (forodha) ninayemjua Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ameniambia nisihangaike na makaratasi. Atapitisha mzigo kwa namba yake mwenyewe, na faktire itaandikwa bei ya chini ili ushuru upungue. Wengine wananiambia Congo sasa iko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa hiyo Tanzania ni kama nyumbani.

Hiyo feza, 13,000 ni akiba yangu na 5,000 ni za likelemba yetu ya wamama wa soko, tunazochanga na kupokeana kwa zamu. Bwana yangu anaogopa. Anasema mpaka ulifungwa 2024 na unaweza kufungwa tena. Mdogo wangu naye anapiga simu kila siku kuuliza nitatuma lini, maana mavuno yanakaribia. Nitume? Na kama si kutuma, nifanye nini ili mchele wa Mbeya unifikie bila kupitia kwa wenye depo kubwa? Na shemeji nitamwambia nini?

Mama wa depo, Katuba


Mama,

Usitume. Hatusemi hivyo kwa kumshuku shemeji. Hakuna neno katika barua yako linalomfanya aonekane mtu mbaya. Shida iko kwenye mpango wenyewe: hata ukiendeshwa na mtu mwaminifu kuliko wote, siku mambo yakiharibika wewe hutakuwa na kitu cha kushika.

Tuanze na sheria, kwa kuwa mpango unaanguka hapo kabla hata ya gunia la kwanza. Julai 2025 Tanzania ilitoa amri inayowakataza wasio raia kufanya shughuli 15 za biashara. Ndani yake mna biashara ya jumla na rejareja, ukiacha supamaketi na vituo maalumu vya jumla vya wazalishaji wa ndani. Mna pia ununuzi wa mazao shambani. Hayo mawili ndiyo mpango wa shemeji: duka la Tunduma na mpunga wa Mbarali. Mgeni akikamatwa, faini haipungui shilingi milioni 10, anaweza kufungwa hadi miezi 6, na viza au kibali chake kinafutwa. Raia aliyemsaidia mgeni naye ana adhabu yake: faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miezi 3. Kwa hiyo jina lake halikukingi wewe, na yeye linamtia hatarini. Huenda hajui, wengi hawajui. Na hilo la Jumuiya, ni kweli Congo ni mwanachama kamili tangu Julai 2022, lakini amri hii haikuwatoa raia wa nchi wanachama. Wakenya waliipigia kelele hadharani kwa sababu hiyohiyo.

Sasa fikiria mgogoro ukitokea. Utakwenda mahakamani Tanzania na karatasi mliyoandikiana, inayosema duka ni la shemeji kwa jina na lako kwa nusu. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, kifungu cha 23, inasema mkataba wenye lengo lisilo halali ni batili. Karatasi yako haitakurudishia hata dola moja. Itakuwa ushahidi dhidi yenu wote wawili. Na si lazima mgogoro uwepo. Shemeji akifariki, Mungu apishe mbali, stoo na mchele ni mali ya warithi wake. Akikopa banki na kuweka mzigo dhamana, banki itauchukua. Hutakuwa umeibiwa na mtu, na bado mali haitakuwa yako.

Kuna jambo la pili, na hili lingetusumbua hata kama sheria ingeruhusu kila kitu. Katika mpango huo mtu mmoja anapokea pesa, ananunua mzigo, anaupima na kutoa hesabu. Kazi hizo zikikaa mkononi mwa mtu mmoja, kosa dogo haliwezi kuonekana mapema. Mpunga ukiwa na unyevu, nani atakuambia? Yeye aliyeununua. Tenganisha kazi hizo na hatari itashuka hata kabla hujazungumza bima au mkataba.

Kwa hiyo ubaki ulivyo: mfanyabiashara wa Lubumbashi anayenunua bidhaa nje na kuiingiza nchini kwa jina lake. Hilo hakuna anayekukataza. Huhitaji duka Tunduma. Unahitaji muuzaji wa Kitanzania mwenye mashine ya kukoboa na haki ya kusafirisha nje, akuuzie mchele uliokobolewa, uliopimwa na kufungwa. Mpunga mwachie yeye.

Tunasisitiza mpunga kwa sababu wengi wanadanganywa na bei yake ya shambani. Kilo 100 za mpunga mzuri zinatoa kilo 62 hadi 65 za mchele. Ukiwa na unyevu au ukikaushwa vibaya juani, punje zinapasuka mashineni na unapata chenga nyingi, ambazo hapa sokoni unaziuza kwa bei nyingine kabisa. Yote hayo ni hasara ya aliyenunua mpunga. Ukinunua mchele, hasara hiyo inabaki kwa mwenye mashine, ambaye ndiye anayejua kuikwepa. Lumbesa nayo iacheni. Ni kujaza gunia kupita kipimo, Wakala wa Vipimo wa Tanzania wanaikamata, na inaharibu hesabu: watu wanahesabu magunia badala ya kilo, na hakuna anayejua alinunua kiasi gani.

Muuzaji utampataje na utamjuaje? Omba vitu vinne kabla ya kuzungumza bei: jina la kampuni kama lilivyoandikwa BRELA (msajili wa kampuni wa Tanzania), namba ya mlipakodi (TIN), leseni ya biashara, na nakala ya cheti cha afya ya mimea cha mzigo aliowahi kupeleka nje. Jina la BRELA unaweza kulitafuta mwenyewe kwenye mtandao wao. Jina la akaunti ya banki lazima lifanane na jina hilo herufi kwa herufi. Akikuambia utume kwa akaunti ya mtu binafsi «kwa sababu ya kampuni ina shida», hapo simama. Risiti yake iwe ya mashine ya kodi, ile yenye alama ya kuskani, nayo unaweza kuihakiki kwa simu kwa TRA, mamlaka ya kodi ya Tanzania. Na ikija meseji ya WhatsApp kwamba akaunti imebadilika, usijibu meseji. Piga simu kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo, usikie sauti. Pesa nyingi za wafanyabiashara wa mipakani zinapotea kwa meseji moja ya namna hiyo, hata pale muuzaji mwenyewe ni mtu halali, kwa sababu simu yake imeingiliwa.

Mzigo wa kwanza uwe tani 10, yaani mifuko 400 ya kilo 25. Tani 30 zinajaza semi na usafiri kwa kilo unakuwa nafuu, lakini mzigo wa kwanza ni wa kujifunza njia. Utaambiwa uweke tani zako 10 ndani ya semi pamoja na mizigo ya watu wengine. Hapana: mmoja wao akikosa karatasi, gari zima linasimama mpakani na mchele wako unasimama nalo. Lipa zaidi kidogo, chukua Fuso la tani 10 lenye mzigo wako peke yako.

Mkataba uandikwe kwa Kiswahili. Wewe umesoma kwa Kifaransa, yeye kwa Kiingereza. Kiswahili ndicho mnachokielewa wote wawili, na tafsiri ya Kifaransa itatengenezwa kwa ajili ya duane na banki. Ila chunga kitu kimoja ambacho watu wa kwetu hawakifikirii. Hapa Lubumbashi wengi wetu tukisema «kuuza» tunamaanisha kununua, na «kuuzisha» ndiyo kutoa mali upate pesa. Kwa Mtanzania «kuuza» ni kutoa mali. Andikeni «Mnunuzi» na «Muuzaji» mwanzoni kabisa, na kila kifungu kitumie majina hayo. Usiandike «gunia», andika kilo. Usiandike «mchele mzuri», andika mambo yanayopimika: aina moja bila kuchanganywa na mchele wa msimu uliopita, unyevu usiozidi asilimia 14, asilimia ya chenga mliyokubaliana, bila mawe wala wadudu, mfuko mpya wa kilo 25 kamili bila kuhesabu uzito wa mfuko mtupu.

Unyevu si jambo la kubabaisha. Mchele wenye asilimia 16 ukifungwa na kufunikwa turubai kwa siku kumi barabarani unapata joto ndani, unanuka, unaota ukungu, na ukifika Kasumbalesa OCC, wakaguzi wa ubora wa bidhaa wa Congo, wana haki ya kuukataa. Kipimo cha unyevu cha mkononi kila mashine kubwa inacho. Mpimaji achome bambo, kile chuma cha kuchotea punje, kwenye mifuko iliyochaguliwa ovyo, juu, katikati na chini ya lundo. Kwa mifuko 400, mifuko 20 inatosha. Mifuko mingine 20 ipandishwe kwenye mizani. Kilo moja ikipungua kwenye kila mfuko, mzigo mzima umepungukiwa kilo 400, na hiyo pengine ndiyo faida yako yote.

Hapa ndipo shemeji anapoingia, na kwa kazi ya maana. Yeye ni raia, anaweza kulipwa kwa kazi ya kukusimamia. Aende mashineni siku ya kupakia, apime, apige picha za mizani na za kipimo cha unyevu, aandike namba ya gari na namba ya sili, akutumie yote kabla gari halijaondoka. Mlipe kwa tani, nusu siku ya kupakia na nusu mzigo ukifika Lubumbashi mzima. Pesa ya mchele isipite kwake. Na asichukue kamisheni kwa muuzaji, mliandike hilo.

Malipo sasa. Tuseme bei ni dola 800 kwa tani mlangoni mwa mashine, tani 10 ni dola 8,000. Gawa hivi: asilimia 30, yaani 2,400, baada ya kusaini. Asilimia 60, yaani 4,800, gari likiwa limepakiwa, shemeji ametuma vipimo, na muuzaji ametuma nakala za faktire, cheti cha afya ya mimea, cheti cha asili na karatasi ya usafiri. Asilimia 10, yaani 800, ndani ya siku 3 baada ya mzigo kufika depo yako. Muuzaji atabishania hizo 800. Mvumilie, punguza hata hadi asilimia 5, lakini usikubali sifuri. Kwa mzigo wa kiasi hiki, ukweli ni kwamba kesi au usuluhishi utakula pesa nyingi kuliko zile unazodai. Nguvu yako ni ile pesa ambayo bado hujalipa. Baadaye mkifikia mizigo ya makumi ya maelfu ya dola, wekeni kifungu cha usuluhishi chenye mji, lugha na sheria mliyochagua. Congo iliingia kwenye Mkataba wa New York wa kutambua maamuzi ya usuluhishi, ulioanza kutumika kwetu 2015, na Tanzania imo tangu 1964, kwa hiyo uamuzi wa msuluhishi unavuka mpaka kwa urahisi kuliko hukumu ya mahakama.

Tuma pesa kwa banki. CRDB ya Tanzania ina banki yake hapa Lubumbashi tangu 2023, na banki nyingine za mjini zina njia zao. Linganisha makato na siku. Ukiwa na mzigo mkubwa, uliza banki kuhusu malipo dhidi ya makaratasi, ambapo banki ya upande wako inakupa hati za mzigo pale unapolipa. Noti usizibebe kwenye begi. Kati yako na Mbeya kuna Zambia yote, na Zambia inataka utangaze pesa taslimu zinazozidi dola 5,000. Usipotangaza zinaweza kukamatwa. Tanzania kiwango ni dola 10,000. Tena tangu Machi 2025 Tanzania inakataza bei na malipo ya ndani ya nchi kwa fedha za kigeni, kwa hiyo ukienda kuona mashine na dola zako za matumizi, badilisha kwenye banki au duka lenye leseni na utunze karatasi.

Barabara ndiyo sehemu ndefu: Tunduma, Nakonde, Kapiri Mposhi, Ndola, Chingola, Kasumbalesa, zaidi ya kilomita 1,000 ndani ya Zambia, kisha yapata 90 hadi kwako. Katika mkataba wa mauzo tumieni sharti la FCA mashineni, maana yake muuzaji anapakia na kumaliza karatasi za kutoka Tanzania, na kuanzia hapo mzigo ni wako. FOB, ambayo utaiona kwenye faktire nyingi, ni ya meli. Kwenye gari inaleta ubishi kuhusu nani anabeba hasara. Akikupa CPT Lubumbashi usifikiri umepumzika: yeye analipa usafiri, lakini hatari ya njiani ni yako tangu alipomkabidhi dereva.

Ndiyo maana bima. Dereva atakuonyesha kadi ya njano ya COMESA (soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika) na kusema gari lina bima. Ni kweli, na haikuhusu: kadi hiyo inalipa watu na mali za wengine walioumizwa na gari. Mchele uliomo ndani haumo. Bima ya mzigo unaoingia Congo inatakiwa kukatwa kwa kampuni iliyoidhinishwa nchini, na ni lazima kisheria. Omba kundi A la masharti, linalobeba hata wizi na maji ya mvua. Kundi C ni nafuu lakini linalipa ajali kubwa tu, kama gari kupinduka au kuungua. Ghasia na migomo huongezwa kwa kifungu cha pembeni, ulipie. Baada ya Tanzania kupata vurugu na kuzimwa kwa intaneti wakati wa uchaguzi wa 29 Oktoba 2025, hatuoni sababu ya kubana dola chache hapo. Kiwango ni asilimia 110 ya thamani: mchele 8,000, usafiri tuseme 1,500, jumla 9,500, bima iandikwe 10,450.

Msafirishaji mpe nusu, nusu nyingine akifika. Muandikiane siku ngapi za kusubiri mpakani ni bure na kila siku ya ziada ni dola ngapi, kwa sababu foleni ya Kasumbalesa inakula faida kimyakimya. Gari likifika depo, hesabu kabla dereva hajaondoka. Mfuko uliopasuka, uliolowa au uliopungua uandikwe kwenye karatasi ya usafiri na dereva asaini. Sheria ya usafiri wa barabarani ya OHADA, umoja wa sheria za biashara ambao Congo imo, inafuata mzigo wako kwa kuwa unaishia Congo. Inakutaka umwandikie msafirishaji si zaidi ya siku ya kwanza ya kazi baada ya kupokea, kama hasara inaonekana. Siku 7 kama imejificha. Madai yenyewe ndani ya siku 60, na kesi ndani ya mwaka 1. Kikomo cha fidia ni faranga za CFA 5,000 kwa kilo, juu kabisa ya bei ya mchele, kwa hiyo hakikuumizi. Kinachowaumiza watu ni kusaini «nimepokea vyema» huku wakiwa na haraka.

Tumefika kwa wakala wako wa duane, na hapa, mama, tunakuomba kwa dhati usimsikilize. Mzigo ukiingia kwa namba yake, mbele ya DGDA, yaani duane ya Congo, mwenye mzigo ni yeye. Akiwa na deni la kodi, mchele wako unaweza kuzuiwa kwa deni lake. Banki itauliza kwa nini pesa ilitoka kwako na mzigo ukaingia kwa mwingine. Na faktire ya bei ya chini inakugeukia mara tatu: duane wakiipandisha thamani unalipa ushuru na faini, bima inalipa kile kilichoandikwa tu, na ukimdai muuzaji atakuonyesha faktire hiyohiyo. Fungua makaratasi yako: RCCM (usajili wa biashara), kitambulisho cha taifa cha biashara na namba ya kodi kupitia Mlango Mmoja wa kuunda biashara, kisha namba ya kuingiza na kutoa bidhaa. Kwa mzigo wenyewe utahitaji leseni ya IB, ile ya kuingiza bidhaa, kupitia banki yako, karatasi ya FERI yenye taarifa za mzigo kutoka OGEFREM, ofisi ya usafirishaji wa mizigo, na ukaguzi wa OCC. Yote yaanze kabla gari halijapakiwa. Magari mengi yanayolala Kasumbalesa hayasubiri foleni tu. Yanasubiri karatasi iliyoombwa gari likiwa tayari njiani. Mwombe wakala, huyu au mwingine, akuandikie hesabu nzima ya ushuru, TVA (kodi ya ongezeko la thamani) na makato kabla hujalipa ile asilimia 30. Usiweke kwenye hesabu msamaha wowote wa ushuru wa Jumuiya mpaka auandike yeye. Na cheti cha asili cha COMESA hakitakusaidia kwa mchele wa Mbeya, Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000.

Dekreti ya Congo ya 28 Machi 2002 inataja huduma nne tu za mpakani: duane (leo DGDA), OCC, DGM ya uhamiaji na huduma ya usafi wa mipaka. Mwingine akikudai pesa, omba karatasi yenye muhuri na jina la huduma yake. Wakala mzuri anajua kuomba hivyo bila kugombana.

Bwana yako hakosei kuhusu mpaka. Agosti 2024 Zambia ilifunga Kasumbalesa, Mokambo na Sakania kwa pamoja kwa siku chache, baada ya Congo kuzuia vinywaji vya kutoka kwao. Kwa hiyo kupanga mpaka wa akiba kusingesaidia. Kinachosaidia ni kuwa na mchele wa wiki tatu kwenye depo kabla ya kuagiza mwingine, na kutoacha kabisa kununua kwa wenye depo kubwa mwaka wa kwanza. Agiza Mei hadi Julai, mavuno yakiwa mapya na barabara kavu. Kuanzia Novemba, lipia turubai mbili.

Pesa ya likelemba irudishe leo. Zamu ya mwenzako ina tarehe, gari halina. Kwa tani 10, dola 8,000 za mchele pamoja na usafiri, bima na duane zinaingia ndani ya akiba yako, na lazima ibaki pesa ya kulipia siku za kusubiri. Bei ya kuuzisha ifuate dola ya siku hiyo. Mwishoni mwa 2025 franka yetu ilipanda thamani ghafla, na wenye mzigo mwingi ghalani ndio walioumia wateja walipodai bei ishuke.

Kwa shemeji, usimpigie mdogo wako ukamfanya mjumbe. Mpigie yeye. Mwambie: «Shemeji, nimeuliza. Sheria mpya ya kwenu inaweza kukufunga wewe kwa kunisaidia mimi, na mimi siwezi kumtia bwana wa mdogo wangu kwenye hatari hiyo. Lakini nakuhitaji. Nitafutie mashine tatu za kukoboa zenye leseni ya kuuza nje, unipe bei zao na namba zao za BRELA, na siku ya kupakia usimame pale kwa niaba yangu, nitakulipa kwa tani.» Kisha taja kiasi palepale, kabla hajakata simu, ili ajue umeshapiga hesabu ya kazi yake.